Kibuyu cha Mama Mkwe na Sabuni ya Waridi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 1969. Mushaki.

Nimeolewa! Najua, niliandika hivyo jana, na juzi pia. Lakini kila asubuhi naamka, namwona Honoré amelala mdomo wazi kidogo, na mkono wangu unataka kuandika tena. Nimeolewa! Na mwalimu wa darasa la nne, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kati ya Sake na Masisi. Anakoroma kwa upole. Hata kukoroma kwake kuna adabu.

Leo kuna habari kubwa. Mama mkwe amekwenda Kashuga kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alituita, mimi na Colette, mke wa shemeji Polycarpe. Mkononi alishika kibuyu cha maziwa. Ndicho kibuyu cha nyumba hii. Maziwa ya ng'ombe yanaingia mabichi, kesho yake yanatoka yameganda, mazito na machachu, na kila mtu anapata kikombe chake. Colette alikwisha kunyoosha mikono. Yeye ni mkubwa, ana mtoto, anaijua nyumba. Mama mkwe akampita kama vile anapita kigingi, akakiweka kibuyu mikononi mwangu! Uso wa Colette! Mtu aliyetafuna ndimu pamoja na mbegu.

Mama mkwe akasema nisikichezee. Nibakize maziwa ya jana kidogo chini, niongeze mapya juu, nifunge, basi. Nikauliza kwa nini lazima ya jana yabaki. Akajibu kwamba ng'ombe hawapendi maswali.

Kisha akasema neno ambalo nusura nimrukie shingoni: akirudi akute kibuyu kizima, atanipa moto. Moto wangu! Hapa bibi arusi hawashi jiko lake mpaka mama mkwe amletee kaa la moto kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka siku hiyo anapika kwa mama mkwe, anakula kwa mama mkwe, na bwana wake anamtazama kwa mbali kama mgeni. Honoré amekwisha kunijengea jiko nyuma ya nyumba. Lina dirisha. Anasema dirisha ni la moshi. Mimi najua ni la kunichungulia.

Siri moja, na iishie hapa. Mgando haupiti kooni mwangu. Mimi ni mtoto wa Walikale. Kwetu ni msitu: samaki wa kukausha, sombe ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese, nyama ya mtego. Ng'ombe nilimwona kwanza katika kitabu cha Masista, na katika kitabu hakuwa na harufu. Na kuyamwaga siwezi. Katika nyumba hii maziwa hayamwagwi chini kamwe, ni kumtukana ng'ombe pamoja na ukoo wake. Kwa hiyo kila jioni nasema asante, nachukua kikombe changu, nakwenda chumbani "kunywa polepole", na kumimina yote katika birika la maua alilonipa shangazi siku ya arusi. Birika liko chini ya kitanda. Mdomo wake nimeuziba kwa kitambaa. Honoré hajui. Akili ninayo!

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimetazama ndani ya kibuyu. Yesu na Maria!

Cheusi. Kina utelezi. Kuta zake zina ukoko ambao labda ulikuwapo kabla ya Wabelgiji. Na tunakunywa humo! Honoré wangu anakunywa humo, kwa midomo ile ile!

Miaka mitatu ya sekondari kwa Masista sikuipoteza bure. Somo la usafi nilikuwa wa kwanza. Mikrobe ni adui, mikrobe anakaa katika uchafu, mikrobe anakufa kwa maji ya moto na sabuni. Nilichora hata picha yake, mwenye meno.

Mpango: kukisafisha kibuyu kwa siri. Mama mkwe akirudi, akute kinang'aa. Moto nitapewa siku hiyo hiyo, na Colette atakuja kuniomba nimfundishe.

Nilingoja watu waende shambani. Masalio ya chini nikampa mbwa wa shemeji katika kigae, ili yasiguse ardhi. Kisha maji yaliyochemka, mchanga, changarawe za kutikisa ndani, na sabuni ya waridi, ile Honoré aliyoninunulia Goma. Sabuni ya mapenzi yetu! Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Nikamimina maziwa mapya ndani na kufunga. Hakuna mikrobe hata mmoja. Makaburi matupu.

Honoré aliniuliza kwa nini vidole vyangu vinanukia waridi. Nikasema ni siri. Akavibusu vyote kumi. Kidole gumba alikirudia.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Maziwa hayakuganda. Labda yamechoka.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Maziwa hayakuganda bado. Sasa juu yana maji ya kijani, chini yana vipande, na harufu si ya uchachu. Ni harufu ya soksi ya mtu aliyetoka Goma kwa miguu. Nimeyapeleka kwa mbwa. Mbwa alinitazama, akaondoka.

Papa mkwe akaomba kikombe chake. Nikasema maziwa bado yanapumzika. Akauliza yamefanya kazi gani.

Mpango wa pili: ndimu! Nilikamua ndimu tatu katika maziwa mapya. Yaliganda pale pale! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Papa mkwe akanywa. Akaangalia vilima kwa muda mrefu, machozi yanamlenga. Kisha akaniambia kwa upole mwingi kwamba leo hana kiu.

Colette alikuwa mlangoni na mwanawe Émile mgongoni. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Maziwa ya bibi ya mwalimu njo inaendaka kwanza masomo, ao? Itaganda siku itapata diploma?"

Nikamjibu kwamba wivu unachachusha kuliko ndimu. Jibu zuri sana. Kwa bahati mbaya nilikwisha kuingia ndani niliposema.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Leo sina hamu ya mzaha. Émile anaumwa.

Ni mtoto wa miaka miwili, mwenye mashavu ya kupulizwa, na kila siku hunivuta kitenge. Usiku alianza kutapika, asubuhi kuhara, kuhara, maji matupu. Mashavu yameshuka. Hakunivuta kitenge. Colette alimfunga mgongoni, nami nikabeba mfuko wake bila kuombwa, tukashika njia ya dispensari ya misioni.

Infirmier, yaani muuguzi, pale ni Papa Léopold, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimbinya Émile ngozi ya tumbo, akatazama macho, ulimi. Akasema tumefika mapema, vizuri. Maji kwanza! Maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari, chumvi kidogo sana, kijiko kwa kijiko, hata akitapika tusichoke. Na maji ya wali. Akilegea zaidi, tumrudishe mbio.

Halafu akasema: kutapika kukiisha, mumpe mgando.

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, Papa, mgando umejaa mikrobe. Akasema ndiyo, na ndiyo maana.

Akaeleza, na Colette akasikiliza kama yuko kanisani. Tumbo la mtoto ni kijiji. Wamo wenyeji wema, vidudu wadogo wasioonekana, wanalima, wanasaidia chakula kusagika. Sasa wamevamiwa na wabaya, na kuhara kumewabeba wote, wema na wabaya. Nyumba ziko wazi. Mgando una vidudu wema walio hai. Wanaingia, wanakaa, na wabaya wakirudi wanakuta watu mlangoni. Madaktari wa Ulaya bado wanabishana juu ya jambo hilo, lakini yeye ameona watoto wa vilima hivi wakipata nafuu haraka kidogo. Tena mgando unatoka wapi? Masalio ya jana ndiyo yanayofundisha maziwa ya leo. Vidudu wanakaa katika kibuyu, katika ule ukoko.

Ule ukoko.

Nikauliza, kwa kupenda elimu tu, je, mtu akiosha kibuyu kwa sabuni na maji ya moto? Papa Léopold akacheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Akasema hakuna muntu anaweza kufanya vile, hata askari mulevi.

Njiani Colette akanigeukia. Macho mekundu. Hakuna utani hata chembe. Akasema:

"Dada, kibuyu iko kwako. Utanipa ya mutoto, si vile?"

Ni mara ya kwanza ameniita dada. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Émile hatapiki tena, Mungu asifiwe, lakini bado anahara na amelegea. Nimechemsha maji tangu alfajiri. Colette anampa kijiko, mimi nampa kijiko. Kila saa Colette anauliza mgando uko tayari. Kila saa nasema karibu.

Mpango wa tatu: kuomba masalio kwa jirani. Lakini! Kuomba masalio ya kibuyu ni kutangaza kwamba kibuyu chenu kimekufa. Kufikia jioni kila kilima kitajua, na mama mkwe atapata habari Kashuga kabla ya mimi kufika nyumbani. Kwaheri moto. Kwaheri dirisha.

Nilipanda kwa Mama Dorothée. Akanikaribisha vizuri, akauliza shida. Ulimi ukageuka, nikaomba chumvi. Nikaenda kwa jirani yake. Nikaomba sindano. Nyumba ya tatu nilijipa moyo, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, nikaomba unyoya wa kuku. Walinipa. Waliniuliza kama bibi arusi analala vizuri.

Nikarudi na chumvi, sindano na unyoya, nikajitupa chini kando ya kitanda kulia. Na pale sakafuni, uso kwa uso, likanitazama birika la maua.

Birika!

Vikombe vyangu vyote tangu arusi! Vyote vilitoka katika kibuyu kabla ya sabuni! Kijiji kizima cha wenyeji wema, wamejificha chini ya kitanda chetu cha ndoa!

Nilichomoa kitambaa. Nikanusa. Chachu kali, safi, si soksi. Lakini ni mtoto anayengoja, na mtoto si mbwa wa shemeji. Lazima mtu aonje kwanza. Hakuwapo mtu ila mimi.

Nimeonja. Mimi, Sidonie! Kijiko kizima. Nywele za kisogoni zilisimama moja moja. Nikakaa nikisubiri kufa. Nikamwandikia Honoré kwaheri nzuri sana, kurasa mbili, yenye maua pembeni. Mpaka saa sita nilikuwa mzima tu, nikaichoma.

Kisha nikachemsha maziwa mapya, nikayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, nikatia vijiko vichache kutoka katika birika, nikamimina yote katika kibuyu. Nikakifunga kwa koti la arusi la Honoré na kukiweka karibu na majivu ya moto. Nikawaambia wale vidudu wafanye kazi, nawasihi, na kwamba nasikitika kwa ndugu zao.

Honoré akatafuta koti lake. Nikasema linapumzika. Akasema katika nyumba hii siku hizi vitu vingi vinapumzika.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

YAMEGANDA! Mazito! Meupe! Yanatetemeka kama shavu la Émile!

Sikuthubutu kumpa mtoto kabla ya kuuliza. Baada ya Misa nilimpelekea Papa Léopold kikombe. Alionja, akaonja tena, akakunja paji la uso. Akasema mgando ni hai, uchachu wake ni sawa, mtoto apewe kidogo kidogo. Lakini, akasema, mbona unanukia kama arusi? Nikasema ni majani ya ng'ombe wetu. Akasema ng'ombe hao wana bahati.

Maana ndivyo ilivyo: kibuyu kimekunywa sabuni yangu. Nimekisuuza na kukisuuza. Waridi haitoki.

Colette alimpa Émile kijiko cha kwanza. Akakitema. Cha pili akakifikiria. Cha tatu alifungua kinywa mwenyewe, kama kindege. Colette akalia, mimi nikalia, Papa mkwe akatoka nje kuangalia vilima.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Émile amemkimbiza kuku, amemshika, amevutwa na kuku, amecheka. Matambara yake makavu tangu jana. Leo asubuhi alinivuta kitenge. Sijawahi kufurahi hivi kwa kitenge kuchanika.

Colette anatangazia kilima kizima kwamba ni maziwa ya bibi ya mwalimu. Papa Léopold alipopita alisema maji yenye sukari na chumvi ndiyo yaliyofanya kazi kubwa, mgando umesaidia tu, na pengine mtoto angepona hata bila huo. Nilimweleza Honoré maneno ya Papa Léopold. Nilianzia kwenye mgando, nikaishia hapo hapo.

Alinitazama kwa macho yale. Akasema ameoa mwanamke wa sayansi. Siandiki zaidi, nina sababu.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Mama mkwe amerudi.

Hata mzigo hakuutua. Akaomba kibuyu, akamimina kikombe, akanywa. Akasimama. Akanusa kikombe, akanusa kibuyu. Halafu akaanza kunusa watu. Alimnusa Papa mkwe. Alimnusa Polycarpe, aliyerudi nyuma. Alimnusa Colette. Akafika kwangu, akainama shingoni mwangu, akavuta pumzi ndefu.

Wote wakanigeukia. Hata kuku.

Honoré wangu, shujaa wangu, akajitokeza na kusema ni kosa lake, yeye ndiye aliyenunua sabuni. Ndipo kila mtu akajua ni sabuni.

Mama mkwe akauliza kama nimekiosha. Nikaanza na mikrobe mwenye meno. Akainua mkono. Akasema kibuyu kilichooshwa hakigandishi, na hiki kimegandisha, basi masalio nimeyapata wapi? Nimekwenda kwa nani kuaibisha nyumba? Nikasema sikumwomba mtu. Akasema basi yametoka mbinguni. Nikaenda chumbani. Nikaleta birika.

Akachungulia ndani. Akahesabu moyoni, niliona midomo ikienda. Kisha akauliza polepole:

"Kumbe tangu arusi haujakunywa hata kikombe kimoja?"

Nikasema kwetu Walikale... Sikumaliza. Colette alikwisha kusimama mbele yangu na Émile kiunoni, akasema, Mama, ona huyu mutoto. Njo hii maziwa alikunywa. Kama hakungekuwa hii birika, tungempa nini? Na Émile, malaika, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha bibi yake na kupiga kelele: "Tena!"

Mama mkwe akaketi juu ya mzigo wake. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akasema ameishi na ng'ombe tangu kuzaliwa, lakini hajawahi kuona mtu anayeficha masalio chini ya kitanda kwa sababu ya kukataa kunywa. Akasema: kibuyu uliua, kibuyu ulifufua, na maziwa haikuanguka chini hata tone. Akasema moto nitapewa.

Ila kwa sharti. Kila jioni nitakunywa kikombe changu mbele ya macho yake. Kuanzia leo.

Walisimama wote kunitazama. Nilikunywa. Chachu, kisha waridi, kisha chachu. Mbwa wa shemeji alinihurumia, niliona.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Jiko langu linawaka!

Mama mkwe alileta kaa kwa mkono wake juu ya kigae, akapuliza, nikapuliza, Honoré akapuliza kutoka dirishani. Nimepika maharage. Yameungua kidogo chini. Honoré amesema hajala maharage mazuri kama haya tangu azaliwe, akaomba maji mara nne. Colette alileta kikapu cha viazi na kuniita dada mbele ya watu. Émile amechana kitenge cha pili. Ninaipenda dunia nzima, hata ng'ombe.

Jumapili ya wiki ijayo Papa mkwe anaita wazee wa kilima kuja kunywa kasiksi, pombe yake ya ndizi, kwa heshima ya moto wetu. Kesho kutwa anaanza kukamua ndizi. Ninataka kumshukuru, maana alivumilia ile ndimu bila kunishitaki. Basi leo jioni nilipita nyuma ya nyumba, nikatazama ule mtumbwi wa mti anaochachishia kasiksi yake.

Yesu na Maria! Mweusi! Una utelezi! Pembeni una ukoko wa mapovu ya miaka na miaka. Na wazee wote wa Mushaki watakunywa humo!

Nimefikiri vizuri sana safari hii, sikukurupuka. Nimepima kila neno la Papa Léopold. Alisema vidudu wema wanakaa katika maziwa. Juu ya ndizi hakusema chochote.

Kesho watu wote wakienda Misa ya kwanza, nitasema kichwa kinaniuma. Maji ya moto ninayo, moto ni wangu. Na sabuni ya waridi imebaki nusu nzima.